Bamvua la Machi: rekodi za Komando Namba 2

Wiki moja baada ya shambulio la Waingereza kwenye bandari ya Saint-Nazaire, nahodha mmoja wa jeshi la majini la Ujerumani aliingia katika kambi ya mateka mjini Rennes, Ufaransa, akataka kuonana na Luteni Kanali Charles Newman. Newman alikuwa mkuu wa Komando Namba 2 ya Uingereza, na sasa alikuwa mateka kama wenzake. Mgeni huyo, Friedrich Karl Paul wa manowari Jaguar, hakuja kumhoji. Alikuja kutoa ushahidi juu ya sajini mmoja aliyekuwa akimmiminia risasi mpaka dakika ya mwisho, na kumdokeza Newman kwamba mtu yule anastahili nishani kubwa.

Sajini huyo ni Thomas Durrant, umri miaka 23. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Machi 1942 alikuwa ndani ya boti ndogo ya mbao, namba 306, iliyokuwa ikijaribu kurudi Uingereza. Jaguar ikaikuta baharini. Durrant alikuwa amesimama nyuma ya bunduki ya rashasha aina ya Lewis, mahali pasipo na ngao wala kificho. Alipigwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu ilipokataa akajishikiza kwenye chuma cha bunduki yenyewe asianguke. Paul akapaza sauti kuwataka wasalimu amri. Jibu la Durrant lilikuwa mfululizo mwingine wa risasi kuelekea daraja la manowari, alikosimama Paul mwenyewe. Sajini alikufa siku hiyohiyo kwa majeraha.

Newman alikaa na ule ushahidi miaka mitatu kifungoni. Nishani ya Victoria, iliyo juu ya nishani zote za Uingereza, ilitangazwa kwa jina la Durrant mwezi Juni 1945. Nishani ya askari wa nchi kavu, aliyoipata katika pambano la baharini, kwa neno la adui aliyekuwa akipigana naye: nimetafuta mfano mwingine wenye mambo hayo matatu kwa pamoja na sijaupata. (Nitende haki: kwenye daftari Durrant alikuwa mtu wa Komando Namba 1. Aliazimwa kwa kazi ya usiku ule.)

Lango kubwa kuliko yote

Kilichowapeleka Saint-Nazaire ni chelezo cha kukarabatia meli. Kilijengwa kwa ajili ya meli ya abiria Normandie, na kilipokamilika katika miaka ya 1930 hapakuwa na chelezo kingine duniani kilichokifikia kwa ukubwa: urefu mita 350, upana mita 50. Malango yake ya chuma yalikuwa na unene wa zaidi ya mita 10, mazito kama nyumba, na yalifunguliwa kwa kuvutwa pembeni ndani ya ukuta. Katika pwani yote ya Atlantiki iliyoshikwa na Wajerumani, hapo peke yake ndipo meli yao kubwa ya vita, Tirpitz, ingeweza kuingia kukarabatiwa. Dada yake, Bismarck, alikuwa anakimbilia pwani hiyo ya Ufaransa Waingereza walipomzamisha Mei 1941. Kwa hiyo hesabu ya London ilikuwa rahisi: chelezo kikifa, Tirpitz haitathubutu kutoka.

Mpango wenyewe, kuligonga lango kwa meli yenye mabomu, haukuwa rahisi hata kidogo. Walichukua Campbeltown, manowari kuukuu ya Kimarekani iliyoanza kujengwa wakati wa vita vya kwanza, wakakata mabomba yake mawili kati ya manne ili kwa mbali ifanane na ya Kijerumani. Mbele, nyuma ya chuma na saruji, wakaficha mabomu 24 ya kuulia nyambizi, jumla zaidi ya tani 4, yenye viwashio vya kuchelewa. Kisha wakaipunguza uzito kila walipoweza, maana njia ya kawaida ya meli ilikuwa chini ya mizinga ya Wajerumani. Wao wangepita juu ya mafungu ya mchanga, mahali ambapo siku za kawaida hapapitiki.

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Walingoja bamvua, kujaa kukubwa kwa bahari. Mwishoni mwa Machi maji ya bamvua yalijaa mlango wa mto Loire kiasi cha kuibeba meli ile juu ya matope, na hata hivyo ilikwaruza chini mara mbili, ikasita kidogo, ikaendelea. Saa 7 na dakika 22 usiku kurunzi za pande zote mbili za mto ziliwaka. Campbeltown ilikuwa inapeperusha bendera ya Ujerumani, na mpiga ishara wake akajibu kwa taa, kwa Kijerumani, kwa alama za siri walizokuwa wamezipata kabla. Uongo huo uliwapatia dakika chache tu, lakini kwa meli iliyo katika mwendo dakika chache ni kilomita nzima. Ulipofichuka wakashusha bendera ya uongo, wakapandisha yao, na moto ukafunguka pande zote. Ratiba ilisema waligonge lango saa 7 na nusu. Waliligonga saa 7 na dakika 34. Dakika nne za kuchelewa, baada ya safari ya siku nzima na nusu kutoka Falmouth: madereva wa mabasi yetu na wasome hapa.

Makomando wakashuka kwa ngazi kutoka pua ya meli iliyopondeka. Kila kundi lilikuwa na kazi yake na mzigo wake wa baruti mgongoni. Luteni Stuart Chant alikuwa ameshaumia mikono na goti kabla hata hajaigusa ardhi. Kazi yake ilikuwa jumba la pampu, ambalo mashine zake zilikuwa chini kabisa ya ardhi, mwisho wa ngazi ndefu za chuma, gizani. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kushuka ngazi za namna hiyo wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Wakapanga baruti kwenye pampu. Chant akawaamuru wengine watangulie juu, akabaki na Sajini Dockerill, kwa sababu hakuwa na hakika kama vidole vyake vyenye damu vitaweza kuwasha utambi. Utambi ulikuwa wa sekunde 90. Uliwaka. Wakapanda, Chant akichechemea huku ameshika mkanda wa Dockerill, wakatoka nje, na nyuma yao jumba likaporomoka.

Boti za kuwarudisha nyumbani hazikuwapo tena. Zilikuwa za mbao, zimebeba matangi ya petroli ya akiba juu ya sitaha, na nyingi zilikuwa zinawaka mtoni. Petroli ilitapakaa juu ya maji na maji yenyewe yakashika moto. Newman akawakusanya waliobaki kwenye mabehewa ya reli, akawaambia watapenya mjini na kutembea hadi Hispania. Watano walifika kweli. Wengine wengi walikamatwa kabla ya mchana, risasi zimekwisha.

Hesabu ya jumla: watu 612 walikwenda, wanamaji na makomando. Waliokufa ni 169, waliotekwa 215, waliorudi Uingereza 228. Katika msafara wa boti ndogo 18, ni 3 tu zilizofika nyumbani kwa nguvu zao. Nishani na pongezi zilizotolewa ni 89, tano kati yake zikiwa za Victoria: Newman na Durrant kwa upande wa makomando, na wanamaji Ryder, Beattie na Savage. Mara nyingi husemwa kwamba tano kwa pambano moja ndiyo rekodi. Siyo. Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwaka 1879, zilitolewa 11.

Mlipuko uliochelewa kuliko ulivyotakiwa

Campbeltown ilitakiwa kulipuka alfajiri. Kulikucha, ikawa kimya. Maofisa wa Kijerumani wakapanda kuitazama, na watu wengine wakaja kushangaa ile meli iliyopanda lango kama mbuzi juu ya kichuguu. Nahodha wake, Beattie, alikuwa ameshatekwa, na ofisa mmoja alikuwa akimweleza kwamba uharibifu wa lango ni mdogo, halitachukua muda kutengenezwa. Maneno yakiwa bado mdomoni, madirisha yakatikisika. Lango likang'oka, maji yakajaa chelezo, nusu ya meli ikasombwa ndani, na waliokuwa juu yake hawakuonekana tena.

Wajerumani wakadhani ndiyo mwisho. Lakini boti nyingine, ya torpedo, ilikuwa imetupa torpedo zake mbili kwenye malango ya mlango wa zamani wa bandari, zikazama bila kelele. Nazo zilikuwa na viwashio vya kuchelewa. Zililipuka tarehe 30 Machi jioni, siku mbili nzima baadaye. Hofu ikatanda mji mzima. Vibarua wa ujenzi waliovaa sare za rangi ya kaki walipigwa risasi na walinzi waliodhani makomando wamerudi. Raia Wafaransa nao waliuawa katika fujo hizo. Sehemu hii huwa haisimuliwi sana, labda kwa sababu haina wa kupewa nishani.

Chelezo hakikutumika tena mpaka vita vilipokwisha. Tirpitz haikuingia Atlantiki hata siku moja. Ndege za Uingereza ziliizamisha Norway mnamo Novemba 1944.

Kikosi kilichozaliwa mara mbili

Jina la komando ni la Kiafrika kwa makuzi. Makaburu waliita hivyo vikosi vyao vya wapanda farasi vilivyowasumbua Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ofisa aliyelipendekeza mwaka 1940, Dudley Clarke, alizaliwa Afrika Kusini. Huyu naye ana rekodi yake ndogo: katika shambulio la kwanza kabisa, Juni 1940, alikwenda kama mtazamaji tu, na jeraha pekee la usiku ule likawa la sikio lake, lililochunwa na risasi. Tangu hapo neno limesafiri mbali. Zanzibar walimpa rais wao Salmin Amour, akawa Komandoo.

Komando Namba 2 ya kwanza ilikuwa ya askari wa miavuli, wa mwanzo katika jeshi la Uingereza, wakifundishwa Ringway karibu na Manchester. Miezi michache baadaye walibadilishwa jina, na hatimaye wakawa Batalioni ya Kwanza ya Miavuli. Watu 38 kati yao ndio walioruka Italia tarehe 10 Februari 1941 kulipua daraja la maji la Tragino, operesheni ya kwanza ya miavuli katika historia ya Waingereza. Daraja lilivunjika, likatengenezwa upesi, na warukaji wote wakatekwa. Namba ikabaki tupu, ndipo akapewa Newman ajaze watu wapya. Kwa hiyo kikosi kilichokwenda Saint-Nazaire ni mdogo wake yule wa kwanza: kilirithi namba tu.

Na walilala wapi? Kwenye nyumba za watu. Komando hakuwa na kambi: alipewa shilingi 6 na peni 8 kwa siku, akatafute chumba na chakula mwenyewe mjini, kesho asubuhi awepo mahali alipoambiwa. Aliyeshindwa hakufungwa wala hakupigwa faini. Alirudishwa kwenye kikosi alikotoka, na waliopitia huko wanasema hiyo ndiyo adhabu waliyoiogopa kuliko zote.

Waliorudi wachache

Septemba 1942 watu 12, kumi wa Komando Namba 2 na Wanorway wawili, walishushwa na nyambizi ya Wafaransa huru katika pwani ya Norway. Wakavuka mlima na barafu, wakaingia kituo cha umeme cha Glomfjord kilichokuwa kikiendesha kiwanda cha alumini, wakalipua mitambo na mabomba ya maji. Kazi ilikamilika. Katika kutoroka mmoja alijeruhiwa akafa, wanne wakafika Sweden kwa miguu, na saba wakakamatwa, pamoja na viongozi wao Black na Houghton.

Tarehe 18 Oktoba Hitler alitoa amri ya siri kwamba komando yeyote atakayekamatwa auawe, hata akiwa na sare, hata akinyoosha mikono. Siku tano baadaye wale saba walipigwa risasi katika kambi ya Sachsenhausen. Wakuu wa Ujerumani wakatoa taarifa kwamba mateka hao wametoroka.

Kilembwe wa Waterloo

Septemba 1943, Salerno, Italia. Katika vilima vya juu ya mji, kapteni mmoja wa Komando Namba 2 aliuawa akiongoza watu wake. Alikuwa na umri wa miaka 31, jina Henry Wellesley, na cheo chake cha nyumbani kilikuwa Duke wa Sita wa Wellington, kilembwe wa yule aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815. Sijui komando mwingine aliyekufa na ukoo mkubwa kuliko huo. Lakini kwa siku hizo za Salerno namba ninayoikumbuka zaidi ni nyingine: makomando 738 wa vikosi viwili waliingia, na 367 wakauawa, kujeruhiwa au kupotea. Nusu kasoro wawili.

Vita vilivyomalizwa kwa saa ya ukutani

Kwa ndugu zao, Komando Namba 5, njia ilifika karibu na kwetu. Mei 1942 walitua Madagaska, Diego Suarez, kuwanyang'anya bandari Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Septemba waliteremka tena Majunga, na nyuma yao wakaja askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambao ndio waliotembea urefu wa kisiwa kuelekea kusini, wakiondoa magogo na mawe yaliyowekwa kuziba barabara maili baada ya maili. Gavana Mfaransa Annet aliafiki masharti tarehe 5 Novemba, lakini akataka yaanze kufanya kazi dakika moja baada ya usiku wa manane. Vita vilianza tarehe 5 Mei. Kwa dakika hiyo moja vilipita miezi sita, na askari wa Kifaransa waliopigana zaidi ya miezi sita walikuwa na haki ya nishani na malipo ya ziada. Ni gavana gani mwingine aliyewatendea hivyo watu wake siku ya kushindwa?

Mhariri wa Nairobi

Newman alipotekwa, kikosi kilimpata Jack Churchill, asiye na undugu na waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Kabla ya vita aliacha jeshi, akawa mhariri wa gazeti Nairobi, akaonyesha mavazi mbele ya kamera, akapiga zumari la mkoba la Kiskoti, na mwaka 1939 akaiwakilisha Uingereza Oslo katika mashindano ya dunia ya upinde na mshale. Vitani alikwenda na upanga kiunoni. Orodha zote za mtandaoni humtaja kama Mwingereza wa mwisho kuua adui kwa upinde, Ufaransa, Mei 1940. Mimi simwandikii rekodi hiyo. Wapo wanaosema upinde wake ulikuwa umeshakanyagwa na lori. Na haihitaji. Salerno, usiku, yeye na koplo mmoja walikwenda kituo hadi kituo wakiwashtua walinzi gizani kwa ncha ya upanga, wakarudi na mateka 42. Hilo lina mashahidi 42.

Juni 1944 alipanda kilima katika kisiwa cha Brač, Yugoslavia. Juu walifika wachache, na mizinga ikawaangusha mmoja mmoja mpaka yeye peke yake akabaki mzima. Bunduki yake ilipokwisha risasi akachukua zumari, akapiga, mpaka bomu la mkono likampoteza fahamu. Wajerumani walimpeleka Sachsenhausen, kambi ileile walikouawa wale saba. Yeye hakuuawa. Septemba akatoroka kwa shimo la chini ya ardhi, akakamatwa karibu na pwani ya Baltiki. Aprili 1945, akiwa amehamishiwa milima ya Tyrol, akaondoka tena, akatembea siku kadhaa hadi alipokutana na Wamarekani Italia.

Baada ya vita alipata kazi ya ofisi London. Abiria wa treni ya jioni walizoea kumwona akifungua dirisha na kutupa mkoba wake nje gizani, bila kusema neno. Treni ilikuwa inapita nyuma ya bustani yake, na hakuona sababu ya kuubeba kutoka stesheni. Tarehe 21 Julai 1955, akiwa na karibu miaka 49, aliingia mto Severn na ubao aliouchonga kwa mchoro wake mwenyewe. Huko, siku za bamvua, bahari huingia mtoni kwa wimbi moja refu linalopanda kinyume na mkondo. Alilingoja katikati ya mto, likaja, akasimama juu yake, likambeba kuelekea bara, mtu wa kwanza kulipanda wimbi la mto ule.